Mkoba wa kurudi nyumbani kwa miguu: Nini kiwemo, nini kiachwe na wakati gani mtu asitembee

MKAZI wa jiji kubwa huondoka nyumbani asubuhi akiwa na uhakika wa jambo moja ambalo hata halifikirii: kwamba jioni atapata chombo cha kumrudisha. Uhakika huo hudumu hadi siku unapovunjika. Mvua kubwa ikifunga barabara, umeme ukikatika jiji zima, ardhi ikitetemeka au vyombo vya usafiri vikiacha kufanya kazi kwa sababu ya mgomo, maelfu ya watu hujikuta barabarani wakiwa na viatu vya ofisini, simu yenye chaji kidogo na kilomita nyingi mbele yao.

Ni kwa ajili ya siku kama hiyo mamlaka za kukabiliana na maafa katika nchi mbalimbali huwashauri wafanyakazi kuweka mahali pa kazi mkoba mdogo wenye vitu vya kumwezesha mtu kufika nyumbani kwa miguu, au kumwezesha kungoja kwa usalama hadi njia ipitike. Mkoba huo si wa kuishi porini wala si wa kuhama nchi. Kazi yake ni ya saa chache, na pengine usiku mmoja.

Hata hivyo, jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapoandaa mkoba huo ni kwamba thamani yake kubwa haipo katika kumsaidia mtu kutembea tu, bali pia katika kumpa uwezo wa kutotembea pale ambapo kutembea ni hatari.

Funzo kutoka Tokyo na New York

Machi 11, 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko lenye ukubwa wa 9.0 lilitokea katika bahari iliyo kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Jiji la Tokyo liko mamia ya kilomita kutoka kitovu cha tetemeko, na majengo yake mengi yalisalimika. Lakini treni zilisimama ili njia za reli zikaguliwe, na katika jiji ambalo watu wengi hutegemea treni kwenda na kurudi kazini, hilo lilitosha kuwakwamisha wakazi wake.

Serikali ya Japani ilikadiria baadaye kuwa watu wapatao milioni 5.15 katika Tokyo na mikoa inayoizunguka walishindwa kurudi makwao siku hiyo. Wengine walilala ofisini, shuleni na katika vituo vya treni. Wengine walitembea usiku kucha, wanawake wakiwa na viatu vya visigino virefu, katika barabara zilizofurika watu na magari yasiyosogea.

Tokyo ilijifunza kutokana na usiku ule. Mwaka 2012 ilipitisha sheria ndogo iliyoanza kutumika Aprili 2013, inayowataka waajiri kuwazuia wafanyakazi wao wasitoke wote kwa mara moja baada ya tetemeko kubwa. Ili jambo hilo liwezekane, waajiri hutakiwa kuweka akiba ya siku tatu kwa kila mfanyakazi: lita tatu za maji kwa siku, milo tisa na blanketi moja. Sababu yake ni kwamba mamilioni ya watu wakitoka kwa pamoja, barabara huziba, magari ya wagonjwa na ya zimamoto hushindwa kupita, na msongamano wenyewe huweza kuua.

Mfano mwingine ni wa New York. Agosti 14, 2003, baada tu ya saa 10 jioni, umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, na kuwaathiri watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50. Treni za chini ya ardhi zilisimama, taa za kuongozea magari zikazimika, na maelfu ya watu wakavuka madaraja ya jiji hilo kwa miguu, likiwamo la Brooklyn, katika joto la kiangazi. Hapakuwa na moto wala vita. Palikuwa na safari ndefu ambayo hakuna aliyekuwa amejiandaa nayo.

Afrika Mashariki nako si salama

Mtu anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya nchi zenye treni nyingi na matetemeko makubwa. Kumbukumbu za Dar es Salaam zinaonyesha vinginevyo.

Jiji hilo limekatwa na Mto Msimbazi, ambao huanzia katika vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mto huo ukifurika, Barabara ya Morogoro katika eneo la Jangwani hufungwa, na watu waliokwenda kazini au sokoni Kariakoo na Posta hutenganishwa na makazi yao ya Magomeni, Manzese, Ubungo na Kimara. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini humo, na baadhi ya walionusurika walihamishiwa Mabwepande. Katika miaka iliyofuata, Jangwani imefungwa mara nyingi wakati wa mvua kubwa, na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 hayakuepuka adha hiyo.

Maji si sababu pekee. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, na Februari 16, 2011 usiku, milipuko mingine ikatokea katika kambi ya jeshi Gongo la Mboto. Kila mojawapo ya matukio hayo iliua zaidi ya watu 20. Maelfu ya wakazi walikimbia kwa miguu bila kujua waendako, watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na katika tukio la Gongo la Mboto, Uwanja wa Uhuru uligeuzwa kuwa mahali pa kuwapokea waliokimbia makazi yao.

Nairobi nayo imeonja hali ya aina yake. Novemba 12, 2018, serikali ya Kenya ilipoanza msako wa magari yasiyotimiza kanuni za usafiri wa umma, wamiliki wengi wa matatu waliyaondoa barabarani, na wananchi wakatembea masafa marefu kwenda kazini. Siku hiyo hapakuwa na maafa ya asili, lakini miguu ilichoka vilevile.

Kwanza hesabu, kisha mkoba

Kabla ya kununua chochote, mtu anatakiwa kujua umbali wa kweli kati ya kazini na nyumbani. Wapangaji wa masuala ya maafa nchini Japani hutumia kanuni nyepesi. Mtu anayeishi ndani ya kilomita 10 huhesabiwa kuwa anaweza kufika kwa miguu. Kuanzia kilomita 10 hadi 20, idadi ya wanaodhaniwa kuweza hupunguzwa kwa asilimia 10 kwa kila kilomita inayoongezeka. Anayeishi mbali zaidi ya kilomita 20 huhesabiwa kuwa hawezi kurudi kwake siku hiyo.

Kanuni hiyo ikitumiwa Dar es Salaam, mfanyakazi wa Posta anayeishi Magomeni hana sababu ya hofu iwapo njia inapitika. Anayeishi Kimara, takribani kilomita 15, yumo katika kundi ambalo nusu yake tu hutarajiwa kufika. Anayeishi Mbezi Mwisho au Tegeta, zaidi ya kilomita 20, anapaswa kupanga mapema mahali pa kulala upande wa mjini.

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa katika njia nzuri. Katika mvua, giza na msongamano, ni busara kuhesabu kilomita tatu tu. Kwa hesabu hiyo, anayeondoka Posta saa 10 jioni kwenda Kimara atafika saa tatu usiku. Kwa kuwa Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa moja jioni mwaka mzima, sehemu kubwa ya safari hiyo itakuwa gizani. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua nini kiingie katika mkoba.

Njia nazo ziwe mbili au zaidi, na zichorwe kwenye karatasi. Ramani ya kwenye simu ni nzuri hadi chaji inapokwisha. Katika mchoro huo zionyeshwe sehemu za bondeni, madaraja na vivuko, pamoja na mahali pa kupumzikia: hospitali, kituo cha polisi, msikiti, kanisa, shule au nyumba ya ndugu. Inafaa pia njia hizo zitembewe angalau mara moja siku ya mapumziko, kwa kuwa njia ya mwenda kwa miguu si lazima iwe ile ya basi.

Viatu ndivyo vya kwanza

Kitu muhimu kuliko vyote katika mkoba huu ni jozi ya viatu vya kutembelea. Raba zilizozoeleka mguuni ni bora kuliko mpya za bei kubwa, kwani kiatu kipya huweza kutoa malengelenge kabla mtu hajamaliza kilomita tano. Kandambili hazifai: hukatika, huteleza katika tope na haziukingi mguu dhidi ya misumari na vipande vya chupa.

Soksi ziwe jozi mbili, ili zilizolowa zibadilishwe. Mafuta ya mgando yakipakwa kidogo katika vidole na kisigino hupunguza msuguano. Sehemu ya mguu ikianza kuwaka moto, plasta ibandikwe hapo hapo. Wengi hungoja hadi lengelenge litokee, na wakati huo huwa wamechelewa. Lengelenge likitokea lisipasuliwe, kwa kuwa ngozi yake ndiyo kinga ya kidonda.

Maji na chakula

Katika joto la pwani, mtu anayetembea huhitaji kiasi cha nusu lita ya maji kwa saa, na zaidi ya hapo jua likiwa kali. Chupa yenye lita moja na nusu hutosha safari ya saa tatu, nayo pekee ina uzito wa kilo moja na nusu. Kwa sababu hiyo, kwa safari ndefu ni vyema kujua mahali pa kujaza maji njiani kuliko kubeba lita tano mgongoni.

Maji ya mafuriko hayafai kunywewa hata yakionekana safi, kwani huchanganyika na maji ya vyoo na ya mitaro, na kipindupindu hufuata mkondo huo. Pakiti mbili za ORS ni nyepesi na humsaidia aliyetoka jasho jingi au aliyeharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kujaza hadi kufanya kilima.

Chakula kisiwe cha kupikwa wala kinachohitaji kifungulio. Karanga, tende, kashata na biskuti hutosha. Shabaha hapa ni kuupa mwili nguvu ya kufika. Kushiba kutangoja nyumbani.

Mwanga, mawasiliano na fedha

Tochi ni ya lazima, na iwe kitu cha pekee badala ya ile ya simu. Taa ya simu hula chaji ambayo huhitajika kwa mawasiliano, na simu iliyoshikwa mkononi gizani humvutia kibaka. Tochi ya kuvaa kichwani huiacha mikono yote miwili huru. Betri zake zihifadhiwe nje ya tochi ili zisivuje na kuiharibu.

Betri ya akiba ya kuchajia simu ni jambo jema, iwapo inakumbukwa kuchajiwa kila mwezi. Wakati wa dharura watu wote hupiga simu kwa pamoja na mitandao huelemewa. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya kwa urahisi kuliko simu ya sauti, na hutumia chaji kidogo. Namba za watu muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa siku hizi ni wachache wanaokumbuka kwa kichwa hata namba ya mwenzi wao. Nchini Tanzania, namba 112 ni ya polisi na 114 ni ya zimamoto na uokoaji.

Redio ndogo ya betri haijapitwa na wakati. Humpa mtu habari za barabara zilizofungwa bila kutegemea intaneti, na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husomwa humo.

Fedha taslimu ziwe za noti ndogo. Umeme na mtandao vikikatika, wakala wa fedha za simu hawezi kutoa pesa, na mashine ya benki hugeuka sanduku tu. Aidha, mwenye noti ya shilingi 10,000 mbele ya mwendesha bodaboda asiye na chenji huweza kulazimika kuiacha yote.

Mvua, dawa na nyaraka

Koti jepesi la mvua ni bora kuliko mwavuli, ambao hushika mkono mmoja na kugeuzwa na upepo. Lile lenye mistari ya kuakisi mwanga, kama makoti ya waendesha bodaboda, humfanya mtembeaji aonekane na madereva. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, mtu atembee upande wa kulia wa barabara, ili magari ya upande ule yamjie akiyaona.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, hivyo vitu visivyotakiwa kulowa vihifadhiwe katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Humo ziwekwe simu, karatasi ya namba, kiberiti, nakala ya kitambulisho na nakala ya kadi ya bima ya afya.

Mwenye maradhi ya kudumu, kama shinikizo la damu, kisukari, pumu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, awe na dozi za siku tatu. Dawa zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huziharibu, na insulini huathirika mapema zaidi. Plasta, bendeji, dawa ya maumivu aliyoizoea mhusika na taulo za kike hukamilisha sehemu hiyo.

Kanga au kitenge kimoja kina kazi nyingi kuliko vifaa vingi vya dukani. Hufunika kichwa juani, humfunika mtu usiku, humbeba mtoto, hutegemeza mkono uliovunjika na hufunga jeraha linalotoka damu. Filimbi nayo ni ndogo, lakini sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu aliyekwama anayepaza kilio.

Visivyohitajika

Mikoba mingi ya dharura hushindwa kwa sababu ya uzito. Hema, jiko, vyakula vya makopo, kamba ndefu na panga ni vitu vya safari nyingine. Panga humletea mwenye nalo maelezo marefu mbele ya polisi, hasa usiku wa vurugu. Kompyuta ya ofisi nayo, iwapo ipo sehemu salama ya kuifungia, ibaki kazini.

Kipimo kizuri ni kilo tatu hadi nne, maji yakiwamo. Mkoba uwe wa kuvaliwa mabegani kwa mikanda miwili, usiwe wa rangi ya kijeshi wala wa kuonekana una mali ndani yake.

Wapo wasemao kuwa ushauri huu ni wa wenye ofisi na kabati. Ni kweli kwamba mama lishe, mchuuzi na kibarua wa ujenzi hawana mahali pa kuhifadhi mkoba wa ziada, na hao ndio hutembea zaidi. Kwa hao, vitu vinne tu vyaweza kukaa ndani ya mzigo wa kila siku: tochi ndogo, chupa ya maji, karatasi ya namba za simu na noti chache zilizofichwa mbali na fedha za biashara. Viatu huvaliwa mguuni tangu asubuhi.

Maji yanayokwenda hayazoeleki

Hakuna kifaa kinachomwezesha mtu kuvuka kwa usalama maji ya mafuriko yanayokwenda kasi. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hueleza kuwa maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Kina hicho cha kwanza hakifiki hata nusu ya goti.

Katika miji ya Afrika Mashariki hatari hiyo huongezwa na mitaro iliyo wazi na chemba zisizo na mifuniko, ambazo hazionekani maji yakishatanda. Fimbo ya kupima kina haisaidii, kwa sababu hupima hatua moja ilhali ardhi huweza kuwa imechimbwa na maji hatua ya pili. Nyaya za umeme zilizoanguka nazo hupitisha umeme katika maji. Inashauriwa kukaa mbali nazo kwa umbali usiopungua mita 10.

Hapo ndipo mkoba huonyesha thamani yake. Mwenye maji, chakula kidogo, kanga ya kujifunika na dawa zake anaweza kuketi katika baraza la shule au msikiti upande wa mjini hadi asubuhi, mto ukapungua. Asiye na kitu husukumwa na njaa, baridi na giza, na hujiunga na kundi linaloshikana mikono kuvuka.

Ahadi ya nyumbani

Lakini kinachomsukuma mzazi kuingia katika maji mara nyingi si njaa wala baridi. Ni mtoto aliye peke yake nyumbani, au aliyeachwa shuleni bila mtu wa kumchukua. Mzazi wa namna hiyo haambiliki. Hata akiwa na mkoba uliojaa kila kitu, atavuka.

Kwa hiyo, sehemu ya mwisho ya maandalizi haiingii mkobani. Ni makubaliano yanayofanywa siku ya jua. Kwanza, familia ikubaliane na jirani au ndugu anayeishi karibu kuwa, njia zikifungwa, yeye ndiye atakayewachukua watoto na kulala nao bila kungoja kupigiwa simu. Uongozi wa shule upewe jina lake kwa maandishi. Pili, achaguliwe ndugu mmoja anayeishi nje ya jiji, tuseme shangazi aliyeko Morogoro au Tanga, ambaye kila mmoja atamtumia ujumbe wa kueleza alipo. Mitandao ya jiji ikielemewa, ujumbe wa kwenda nje huweza kupita, na mtu mmoja hukusanya habari za wote.

Tatu, pawepo mahali pa pili pa kukutania. Milipuko ya Mbagala na Gongo la Mboto ilionyesha kuwa zipo siku ambazo nyumbani ndiko kwenye hatari, na anayerudi huko hukutana na wenzake wakikimbia. Mahali hapo pawe panajulikana na mtoto mdogo kuliko wote: nyumba ya bibi, kanisa au msikiti wa kata ya pili.

Nne, wafanyakazi wanaoishi upande mmoja wafahamiane. Kundi la watu wanne au watano wanaotembea pamoja usiku ni salama kuliko mtu mmoja, hasa kwa wanawake, na mmoja akiumia wapo wa kumsaidia. Waajiri nao, bila kungoja sheria kama ya Tokyo, wanaweza kuweka maji, mikeka na ruhusa ya wafanyakazi kulala ofisini usiku wa mvua kubwa. Ruhusa hiyo haina gharama, lakini ni lazima itangazwe kabla, kwa kuwa mlinzi wa getini hawezi kuitoa mwenyewe.

Ukaguzi

Mkoba uliosahaulika miaka miwili hauna faida. Mara mbili kwa mwaka, na kwa mikoa ya pwani kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, ufunguliwe na kukaguliwa. Maji na vyakula vibadilishwe, tarehe za dawa zisomwe, tochi ijaribiwe na viatu vivaliwe kidogo, kwani soli ya raba iliyokaa muda mrefu huweza kubanduka. Namba za simu zilizobadilika ziandikwe upya, na jirani aliyeahidi kuwachukua watoto aulizwe kama bado yuko tayari.

Vitu vingi vilivyotajwa tayari vimo majumbani, na kazi iliyobaki ni kuvikusanya. Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Kwa mkazi wa jiji lililokatwa na mto, tahadhari hiyo ni raba iliyo chini ya meza, karatasi yenye namba sita, na jirani anayejua kuwa leo, mvua ikinyesha, watoto watalala kwake.